Kiti cha Pili Pale Jeppestown

Voi,
15 Januari 2023

Kwa mdogo wangu Kang'ethe,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Huku tu wazima, isipokuwa joto, ambalo ni lile lile ulilolikimbia. Mvua za vuli zilichungulia tu zikaenda zao Taveta. Binti yangu Mghoi amehamia Mombasa na mumewe, kwa hivyo katika nyumba ya baba nimebaki mimi na kuku, na kuku wamezidi kiburi.

Nakuomba usinipigie simu tena. Simu hizi za siku hizi zinameza maneno. Niandikie barua, kama baba alivyotulea. Umesahau? Kila reli ilipomhamisha stesheni alituachia karatasi na bahasha, na barua zetu alikuwa akizirudisha na makosa yamezungushiwa wino mwekundu. Mama Mtaita, yeye Mkikuyu, na nyumbani kwetu kila mtu alikutana na mwenzake kwa Kiswahili. Sasa mwanafunzi mzima wa yule mzee unaniandikia "Poa sis" kwenye simu. Angekufa mara ya pili.

Neno lenyewe ni hili. Desemba natimiza miaka sabini. Kutakuwa na ibada ya shukrani hapa nyumbani, na sitaki zawadi. Nataka mje nyote: wewe, Valerie na wasichana wenu. Nataka picha moja mbele ya nyumba ya baba, watu wote wamesimama, wa nyuma wakilalamika jua linawaumiza macho. Una mwaka mzima wa kuomba ruhusa kazini, kwa hivyo usiniletee visingizio.

Barua hii anakuletea binti wa jirani anayekuja kusoma huko Johannesburg. Mpe chakula, amekonda.

Msalimie sana Valerie. Wasichana waambie shangazi yao anawakumbuka, hata kama Kiswahili kimewashinda.

Ni mimi dada yako,
Jemimah


Johannesburg,
26 Februari 2023

Dada yangu Jemimah,

Shikamoo. Barua yako ilifika, na binti nilimlisha mpaka akaomba msamaha. Nimefurahi kusikia u mzima. Sisi huku hatujambo. Valerie ana kazi nyingi, wasichana wamekua, mkubwa amenipita urefu. Nyumba ya Kensington bado iko pale pale kilimani na paa bado linavuja upande wa jikoni.

Nilikuwa nimekupigia Jumapili kabla sijaipata barua yako. Simu ililia mpaka ikachoka. Basi, tuandikiane. Hii nampa mama mmoja wa ushirika wetu anayekwenda Nairobi, ataiweka kwenye basi la Voi. Nilishakueleza habari za ushirika: Wakenya wa hapa tunakutana kila Ijumaa jioni kwa maombi, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Anayekwenda nyumbani hubeba barua na vifurushi vya wenzake. Akirudi, kabla ya maombi husimama na kueleza alivyowakuta watu wetu, nani kavunjika mguu, nani kaoza binti. Mimi huiita posta yenye mdomo. Jeff, yule mtu wa Wundanyi anayefundisha chuo kikuu hapa, atakuja likizo ya Juni na amesema lazima akuone kwa macho.

Sasa nikuambie jambo, na usicheke. Ijumaa moja nilitoka kazini nikielekea maombini. Umeme ulikuwa umekatwa, kama ilivyo desturi hapa siku hizi, na robot zote zimezima. Robot ndivyo wanavyoziita huku taa za kuongozea magari. Magari yalikuwa yamefungamana, nikakata kona kupitia Jeppestown, mtaa wa karakana kuukuu na hosteli za wafanyakazi. Nikiwa nimekwama hapo nikasikia gitaa. Dada, nilizima injini. Lilikuwa gitaa la twisti, lile la klabu ya reli pale Voi, vidole vinakimbia na ngoma inavifukuza kwa nyuma. Maombini sikufika.

Mahali penyewe palikuwa karakana ya kutengenezea eksozi za magari, sasa ni baa yenye jenereta. Vijana wengi ni wazungu, Makaburu kwa Waingereza, na wengine wametoka Soweto. Wanaume wamezipaka nywele mafuta wakazichana kwenda juu, wasichana wana sketi pana za madoadoa. Muziki wanauita rokabili, ni wa Marekani ya miaka uliyozaliwa wewe. Ukiisha huo inapanda bendi nyingine kupiga roki ya gereji, ambayo ni kelele tupu zenye nia njema. Mimi hapo katikati nina sweta ya ofisini na beji shingoni. Nilijiuliza natafuta nini, na sikuondoka mpaka walipoanza kukunja nyaya.

Mlangoni kuna mlinzi, Gustave, Mkongo wa Uvira anayekaa Yeoville. Aliposoma jina kwenye beji yangu akaniuliza natoka nchi gani, tukaingia Kiswahili. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya watu wawili, koti langu nimeliweka juu ya kiti cha pili. Watu walipokuja kukiomba, Gustave aliwafukuza, akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia kuna mtu anakuja. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Kuhusu Desemba, tutaona. Mipango ya Valerie haitabiriki.

Mdogo wako,
Kang'ethe


Voi,
11 Aprili 2023

Kang'ethe,

Hujambo, na nyumbani hawajambo? Pasaka tumeila salama. Kwaya iliimba, au niseme niliona inaimba kwa bidii nyingi. Redio nimempa jirani, ilikuwa inakwaruza. Jogoo mwekundu tulimchinja, alikuwa ananikodolea macho.

Kwa hivyo mzee wa kanisa siku hizi anakesha kwenye karakana ya eksozi. Nimecheka mpaka nikakaa chini, na uliniambia nisicheke. Lakini hiyo klabu ya reli unaikumbuka vibaya, kwa sababu nusu ya dansi ulikuwa umelala. Baba alinikubalia kwenda kwa sharti moja, nikuchukue wewe. Aliamini hakuna mvulana atakayenisogelea nikiwa na mtoto wa miaka tisa anayelia njaa, na baba hakuwa mjinga. Soda zangu zote ulikunywa wewe. Halafu nikawa naunganisha viti viwili, nakulaza, nakufunika kwa sweta yangu, narudi kucheza jicho moja likiwa kwako. Hakuna aliyecheza twisti Voi nzima kama mimi, na nilicheza nusu tu, kwa sababu yako.

Umeniandikia gitaa, nywele na sketi. Mbona hukutaja besi? Besi ndiyo iliyokuwa ikinichezesha. Gitaa nilikuwa nalisikia baadaye, nikishatoka jasho. Nenda ukamtazame mpiga besi vizuri, kisha uniandikie.

Na "tutaona" si jibu. Ibada nimeshaipanga na kasisi. Mwambie Valerie namngoja yeye na wasichana, na asilete keki ya kununua.

Msalimie mno.

Dada yako,
Jemimah


Johannesburg,
4 Juni 2023

Dada,

Shikamoo. Baridi imeingia, asubuhi nyasi ni nyeupe. Hatujambo. Kazini wameanza kunisemesha kuhusu kustaafu kwa sauti ya upole, kama watu wanaozungumza na mgonjwa.

Kwanza nina shauri na wewe. Ulikataza simu, lakini siku ya Pasaka nilishindwa kuvumilia, nikapiga. Ulishika. Ukasema, "Kang'ethe, tuko wazima, Mungu akubariki," ukakata, na mimi sijamaliza hata salamu. Nikapiga tena, ukarudia yale yale, ukakata. Na kwenye barua yako hukuitaja kabisa. Nimekukosea nini? Kama ni ile baa, sema. Niliumia, dada, siwezi kukuficha. Nilikaa na simu mkononi kama mtoto aliyefungiwa mlango.

Pili, mpiga besi. Ni msichana, anaitwa Refilwe, mchana anasafisha meno ya watu kwa daktari. Besi yenyewe ni ile kubwa ya kusimama, imempita kimo. Hapigi kwa vidole tu. Anavuta uzi, anauachia, kisha anaupiga kofi, hata unasikia mti wenyewe unajibu. Wakati mwingine anailaza na kuipanda juu kama punda, huku anapiga. Bendi yao inaitwa Slow Robots. Ulisema kweli, gitaa linakuja baadaye.

Tatu, nimetembelewa. Kwa kuwa sasa Ijumaa sionekani maombini, na mtu mmoja aliliona gari langu Jeppestown, ushirika uliamua nimeingia ulevini. Jumamosi moja wakaja bila kuniambia, magari manne, chapati, ndengu na sufuria ya pilau, Jeff mbele na Biblia. Ninakunywa soda ya tangawizi, dada, moja, na inaisha gesi kabla sijaimaliza. Nani angeniamini? Walinifanyia maombi ya mlevi mimi nikiwa nimeshika sahani. Walimwulizia Valerie, nikawaambia amesafiri na wasichana. Mkewe Jeff aliingia jikoni kutafuta vikombe, akatoka na kimoja. Akapita korido kwenda kunawa, chumba cha wasichana kilikuwa wazi. Aliporudi alikaa karibu na mumewe, akamwambia neno sikioni, na maombi yakawa marefu zaidi.

Nimeendelea kwenda Jeppestown hata hivyo. Gustave ananiwekea meza ile ile. Wiki iliyopita aliniambia, "Papa, ule mutu yako anachelewa sana. Mwambie banaanza saa moja." Nikamwambia nitamwambia.

Jeff ndiye anayekuletea barua hii.

Mdogo wako,
Kang'ethe


Voi,
2 Julai 2023

Mdogo wangu,

Jeff amefika, amekunywa chai, amekula wali wa nazi, ametazama picha zote ukutani. Ni mtu mwema, ila anaongea sana.

Sijakukasirikia. Usilale na wazo hilo hata siku moja. Ilikuwa simu tu.

Niandikie jioni unakula nini. Usiniandikie muhtasari kama wa ofisini. Andika chakula chenyewe, na nani kakipika.

Nimempa Jeff sweta akuletee. Nimeifuma mwenyewe, mikono huenda ni mirefu. Ivae huko kwenye karakana yako.

Desemba uje.

Jemimah


Johannesburg,
20 Agosti 2023

Dada Jemimah,

Shikamoo. Sweta nimeipata, nimeivaa ninapoandika. Mikono ni mirefu kweli, nimeikunja, inapendeza. Jioni nakula mayai. Siku nyingine nakula mkate na parachichi. Napika mwenyewe.

Ili niichukue sweta ilibidi niende maombini Ijumaa moja. Jeff alisimama kabla ya maombi kama desturi ilivyo, akatoa habari za nyumbani kwake Wundanyi, halafu akatoa zako. Alisema ulimpokea vizuri. Alisema na mengine, wakakuombea kwa jina. Nilifumba macho na wenzangu, lakini sikusikia walichoomba. Walipoanza kula nilichukua sweta nikaondoka, nikaenda Jeppestown.

Nilipofika mtaa mzima ulikuwa giza. Gustave alikuwa mlangoni na tochi. "Hakuna umeme, papa, na jenereta imekufa, lakini banacheza tu. Ingia." Nikaingia. Wameweka mishumaa kwenye makopo. Gitaa la umeme limebaki kipande cha mbao, aliyelishika anacheka. Vipaza sauti vimekufa, mwimbaji anafungua mdomo lakini watu wa nyuma hawampati. Kilichobaki ni ngoma moja ndogo, ya kupigwa kwa vifagio vidogo vya waya, na besi ya Refilwe, maana mti hauhitaji umeme.

Nitakuandikia ilivyokuwa, dada, na kuanzia sasa nitakuandikia hivi kila mara. Nilikuwa nimekaa mbali, sikusikia kitu. Ndipo nikaona soda ndani ya glasi yangu inatikisika. Nikaweka kiganja juu ya meza. Besi ilikuwa mle. Kofi la kwanza linakuja mkononi, la pili linafika kwenye kiwiko, na katikati yake kuna nafasi, fupi, ambapo mtu anaweza kuinua mguu. Nikavua viatu. Usimwambie mtu. Sakafu ile ni ya saruji lakini jukwaa lao ni la mbao, limeenea hadi chini ya meza za mbele, nikahamia mbele na viti vyangu vyote viwili. Kila alipoupiga uzi mnene, ulipanda kwenye nyayo, ukapita gotini, ukakaa hapa chini ya mbavu. Ule mwembamba haukupanda juu ya kifundo cha mguu. Watu walikuwa wanacheza gizani, na nilijua wamekosea hatua kabla sijawaona, kwa miguu yangu tu. Waliendelea hivyo mpaka mishumaa ikaisha.

Nilikuwa nakufikiria muda wote ule. Nilimwambia Refilwe walipokuwa wanafunga vyombo kwamba dada yangu alikuwa bingwa wa twisti. Akasema nikulete. Nikasema nitakuuliza.

Gustave alinisindikiza hadi kwenye gari. Hakuuliza habari za mtu wangu. Tulipokuwa tunatoka alikitazama tu kiti kile cha pili, akakirudisha kwenye meza yake.

Vaa kitu kizito asubuhi. Usikae karibu na barabara unapochunga kuku, magari ya Voi hayana adabu.

Mdogo wako,
Kang'ethe


Voi,
8 Oktoba 2023

Kang'ethe wangu,

Nimesoma barua yako na viatu nimevua. Nimeweka mkono kwenye meza ya baba, nikakaa hivyo muda mrefu kama mwendawazimu. Mvua imeanza leo. Naiona.

Umeacha kuniuliza kwa nini sishiki simu. Miezi yote ulikuwa unanung'unika, na mara hii hakuna hata neno, badala yake unanionya kuhusu magari. Ndipo nikajua unajua. Huyo Jeff nilimkataza. Nilimwambia mbele ya chai yake, "Neno hili liishie kwenye kikombe." Kumbe nilikuwa nazungumza na posta yenye mdomo.

Ni kweli. Lilianza sikio la kushoto mwaka juzi, la kulia likafuata. Daktari wa Mombasa alinipa kile chombo cha sikioni, kinapiga mluzi kutwa na watu kanisani wananigeukia. Nikikivua nasikia ngurumo, kama treni ya mizigo ipo mbali. Maneno hayamo. Siku ya Pasaka nilijua ni wewe kwa sababu jina lako liliandikwa kwenye simu. Nilisema niliyokuwa nayo, nikakata kabla hujaniuliza swali. Halafu nililia, Kang'ethe. Sauti yako ilikuwepo lakini wewe hukuwemo ndani yake.

Jeff aliita hodi getini hata akachoka, akaingia, akanikuta nimempa mgongo nalisha kuku. Akanishika bega. Nilirusha beseni la pumba, likampata usoni. Ndivyo alivyojua.

Sikukuambia kwa sababu mimi ndiye dada. Mimi ndiye wa kukufunika sweta, si wewe. Na niliogopa ukijua utaacha kupiga, na nilikuwa napenda kuona jina lako kwenye simu hata kama siwezi kuitika.

Sasa nawe. Jeff alipokuwa anajifuta pumba aliniambia na ya kwako, akidhani nayajua, kwamba wanaiombea ndoa yako. Kikombe kimoja, chumba cha wasichana hakina vitanda. Tangu siku ile sijakutumia salamu za Valerie, na wewe hukuuliza kwa nini. Nimengoja uniambie mwenyewe. Nimengoja vya kutosha.

Niambie.

Dada yako,
Jemimah


Johannesburg,
12 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nyingi na nikaichana.

Valerie aliondoka Septemba ya mwaka jana. Alipata kazi Australia, Perth, akatangulia na wasichana ili mimi nifuate baada ya kuuza nyumba. Nyumba ikapata mnunuzi Desemba. Nilipompigia kumpa habari akasema, "Usiuze, baba watoto. Usije." Sikumwuliza sababu. Nilikuwa nazijua, naye alijua nazijua. Wasichana wananipigia Jumapili, wananiuliza hali ya hewa.

Kwa hivyo ulipoandika Januari kwamba unataka picha ya watu wote, nilikuwa nimeshabaki peke yangu. Nilikuandikia kwamba Valerie ana kazi nyingi na wasichana wamekua. Hakuna neno la uongo pale, na yote ni uongo. Baba angeyazungushia wino mwekundu mpaka wino uishe.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mbaya. Ijumaa jioni ndipo wasichana walikuwa wakirudi na mikoba, wanagombania bafu, Valerie anapika, na mimi napiga kelele wapunguze muziki. Nyumba ile ikinyamaza saa ile siwezi kukaa ndani. Maombini kila mmoja huja na mkewe. Pale Jeppestown hakuna anayenijua, na kelele ni nyingi kiasi kwamba mtu aliye peke yake haonekani sana. Nilifanya kwenda kule kuwa kazi. Kiti cha pili nilikiwekea koti ili nionekane nimetangulia tu.

Na nilikuwa nakupigia wewe, dada, kwa sababu sina mwingine. Nilipokuwa nakasirika hushiki, sikuwaza hata mara moja kwamba huenda na wewe upo peke yako upande ule.

Jeff aliposema habari za masikio yako mbele ya watu, nilitaka kusimama nimnyamazishe. Badala yake nilinyamaza mimi, nikaenda kuuweka mkono mezani.

Desemba sina watu wa kukuletea kwa ile picha. Nikija nitakuja mwenyewe na mkoba, na kasisi wako atauliza, na majirani watauliza. Kama bado unanitaka hivyo, nimepata ruhusa. Naweza kupanda treni ya Nairobi ya mchana, tarehe ishirini. Kama hunitaki hivyo nitaelewa.

Kang'ethe


Voi,
1 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Hii naituma haraka na kasisi wetu, anakuja mkutanoni huko. Nimeshamwambia yote, kwa hivyo hatauliza. Majirani waachie mimi. Siku hizi wanauliza, naonyesha sikio, wanakwenda zao. Ulemavu huu una faida zake.

Njoo na mkoba. Chumba cha baba nimekifagia, kitanda nimeweka shuka za bluu. Mayai hutakula tena, nitapika mimi, na wewe utaniandikia kwenye karatasi kama chumvi imezidi. Muage Gustave. Mwambie mtu wako alikuwa mbali tu, na usiku wa kuagana kiti hicho akikalie yeye, miguu yake ipumzike. Msichana wa besi mwambie nitakuja kumwona mwakani, anitengee meza ya mbele.

Picha nimeibadilisha. Nataka viti viwili mbele ya nyumba ya baba, wewe kimoja, mimi kingine. Jua litatuumiza macho sisi wenyewe.

Treni ikifika nitakuwa nimesimama jukwaani. Watu ni wengi siku zile, na huenda nikawa nimekupa mgongo, natazama behewa lisilokuwa lako. Usipaze sauti kuniita ukiwa mbali, watu watakushangaa bure. Beseni nitaliacha nyumbani. Shuka, pita katikati ya watu, njoo unishike bega. Nitajua ni wewe.

Dada yako,
Jemimah